Kamongo si mamba: shajara ya siku ya familia ya vuli, Entebbe

Jumamosi, 30 Agosti

Leo tumekata shauri. Chama cha Kiswahili cha shule yetu kitaandaa siku ya familia katika kituo cha wanyamapori cha Entebbe, ile bustani ya kando ya ziwa ambayo kila mtu hapa anaiita zuu. Itakuwa Jumamosi, 15 Novemba. Darasa la saba watakuwa wameshamaliza mtihani wao na shule zitakuwa bado hazijafungwa. Tuko walimu watatu, wazazi sita na watoto 22 wa chama.

Chanzo ni swali la mtoto. Kitabu kimoja cha kusomea kina picha ya watoto wa Ulaya wakirusha majani mekundu yaliyopukutika, na chini yake pameandikwa "vuli". Msichana wa darasa la nne akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona sisi hatujawahi kuyaona majani hayo?" Nikamweleza kwamba vuli ya huko ni ya kupukutika majani, vuli ya kwetu ni ya mvua. Waganda, yaani watu wa Buganda, wanaiita ddumbi, mvua za pili za mwaka, na masika ndiyo toggo. Nikaongeza kwamba Ulaya na Marekani bustani nyingi za wanyama hualika familia msimu huo, watoto wakachonga maboga, na tembo akapewa boga zima alipasue kwa mguu. Darasa zima likauliza kwa sauti moja: na sisi je?

Na sisi tuna vuli yetu. Mbayuwayu wanafika kutoka kaskazini, ziwa linanguruma alfajiri, na Novemba senene, wale panzi wa kijani, wanashuka. Mwezi wenyewe kwa Kiganda unaitwa Musenene. Maboga tunayapika nyumbani.

Jumatano, 10 Septemba

Kikao cha wazazi. Mama mmoja wa kambini, kwenye makazi ya askari, alisema ukweli ambao sikuwa nimeufikiria: "Watoto wakimtazama simba dakika tano wameshamaliza. Baada ya hapo wanataka soda." Tukakaa kimya. Halafu baba mmoja, dereva wa teksi, akasema yeye ni wa ukoo wa Ffumbe, amemheshimu fungo tangu azaliwe, na hajawahi kumwona fungo hai hata siku moja.

Hapo ndipo mradi ulipopata mwili. Kwa Waganda mtoto hufuata ukoo wa baba, na kila ukoo una omuziro wake, yaani kiumbe wa mwiko ambaye watu wa ukoo huo hawamli wala hawamdhuru. Wapo wa simba, wa tembo, wa chui, wa mbega, wa fisi maji, wa kakakuona, wa pongo, wa korongo taji yule wa kwenye bendera yetu. Kwa hiyo hatutazurura tu. Kila familia itapewa kazi ya kumtafuta mnyama wake, kusimama mbele yake, na mkubwa wa familia amweleze mtoto anachokijua kumhusu. Mtoto ataondoka na jina la mnyama huyo katika lugha ya nyumbani na kwa Kiswahili.

Mama wa kutoka Gulu akauliza: na sisi ambao si Waganda? Swali la haki kabisa. Tuna familia za Waacholi, za Walugbara, Wanubi wenye asili ya Bombo, na Wakongo wawili. Nikamuuliza kwao bibi anamsimulia mtoto hadithi za mnyama gani. Akacheka: "Apwoyo! Nani mwingine?" Huyo ni sungura, yule yule ambaye Waganda wanamwita Wakayima na Waswahili wanamwita Sungura tu, na ujanja wake ni mmoja kila mahali. Basi asiye na omuziro atakuja na mnyama wa hadithi.

Wazazi wote kumi na kitu walizungumza Kiswahili kikao kizima, kila mmoja kwa lafudhi yake. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kiwe lugha rasmi, lakini katika mitaa ya kambi, mimi niliyekulia humo, hatukungoja ruhusa. Ilikuwa lugha ya bomba la maji na ya kuazimana chumvi.

Jumamosi, 20 Septemba

Ziara ya kwanza, mimi na mwalimu wa sayansi, daftari mkononi. Kituo hiki kilianza mwaka 1952 kama mahali pa kulea wanyama yatima na waliojeruhiwa, na kazi hiyo haijakoma. Wengi wa wanyama unaowaona humo waliokolewa, ama mtegoni, ama mikononi mwa wafanyabiashara haramu. Nataka watoto walijue hilo kabla ya kuingia, wasidhani kwamba kuna mtu aliyekwenda porini kuwakamata ili wao wafurahi.

Majina yamenitoa jasho. Simba, twiga, pundamilia, kifaru, hao hawana shida. Shida ni jamaa wenye pembe. Watu wengi huwaita wote "swala" na kupita, na hilo sitaki. Kuro ni kuro, pofu ni pofu, nzohe ni yule wa kwenye vinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame topeni, na pongo ndiye ngabi wa Waganda. Nimeandika yote. Kwa yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, nimechukua korongo nyangumi.

Kiboko nacho kina kisa chake. Nilipoandika KIBOKO ubaoni darasani, watoto wadogo walijikunyata, wengine wakacheka kwa woga. Kwa mtoto wa Uganda kiboko ni fimbo ya mwalimu kabla hakijawa mnyama. Nilichukua nusu saa nzima kuwaeleza kwamba fimbo ndiyo iliyochukua jina kwa mnyama, kwa sababu mijeledi ilikatwa kutoka kwenye ngozi yake. Somo zuri kuliko lote nililofundisha muhula huu, na sikuwa nimelipanga.

Ijumaa, 3 Oktoba

Vibao 40 vya majina ya wanyama vimetoka kwa mpiga chapa. Vinne vimeharibika: KORONGO TAJI imekuwa KOROGO TAJI, na rangi ya kijani imetoka kama ya matope. Amekataa kurudia bila malipo. Tumelipa tena, shilingi 60,000 ambazo zilikuwa za maji ya kunywa. Wazazi wataleta maji kutoka nyumbani, yaliyochemshwa, katika madumu. Ni afadhali pia kwa sababu hatutaki chupa za plastiki ndani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Siku ya majaribio na familia tano. Nimerudi nyumbani nimenyong'onyea, na nataka niandike kabla sijalala.

Yote yalikwenda vizuri hadi kwenye bwawa la mamba. Tulikuwa tumeweka kibao chetu, herufi kubwa nyeusi: MAMBA. Mvulana wa darasa la tatu, aliyekuja na bibi yake, alikiona kutoka mbali. Akaniachia mkono, akakimbia, akapiga kelele kwa furaha ambayo sijawahi kuiona kwake darasani: "Omuziro gwange! Jajja, omuziro gwange!" Mwiko wangu, bibi, mwiko wangu!

Mtoto ni wa ukoo wa Mmamba. Na mmamba kwa Kiganda ni kamongo, samaki. Mamba wa Kiswahili, yule mwenye magamba na meno, Waganda wanamwita goonya.

Bibi alifika polepole kwa fimbo yake. Akasoma kibao. Akamtazama yule mnyama aliyelala kinywa wazi, akamtazama mjukuu wake aliyekuwa ameshika uzio kwa mikono miwili, kisha akanigeukia mimi. Anazungumza Kiswahili cha soko, kisicho na mapambo: "Mwalimu, huyu ni goonya. Anakula watu. Mmamba ni samaki wetu. Umemwandikia mtoto uongo."

Nikamwambia, "Jajja, unisamehe, si uongo, ni lugha mbili zimegongana." Akasema, "Mtoto hajui kugongana. Mtoto anajua kusoma." Sikuwa na jibu, na hadi sasa sina. Mvulana hakulia, lakini njia nzima ya kurudi hakunishika tena mkono.

Ukoo wa Mmamba ni miongoni mwa koo kubwa kabisa za Buganda. Mkuu wake, Gabunga, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitumbwi ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Entebbe hii imejaa watu wake, na mimi, mwalimu wa lugha mwenye miaka mingi katika mji huu, ninayajua maneno yote mawili. Niliyajua kila moja peke yake. Sikuwahi kuyaweka kwenye kibao kimoja na kuyatazama kwa macho ya mtoto wa miaka minane.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimekwenda kwa yule bibi baada ya misa, na sukari kilo moja. Alinipokea vizuri, akaniketisha mkekani, akaniuliza swali moja: mjukuu wake atamwona wapi mmamba wa kweli? Nikajibu tutaweka picha. Akanyamaza. Kimya chake kilitosha.

Tukakubaliana hivi. Nitamtafuta kamongo hai, akae katika beseni kubwa la maji ya ziwa siku hiyo. Masharti ni yake bibi: asipigwe, watoto wasimshike, asiuzwe baadaye, na jioni arudi ziwani akiwa mzima, na yeye mwenyewe awepo akimwona akienda.

Jumanne, 21 Oktoba

Oktoba kwa Kiganda ni Mukulukusabitungotungo, mwezi wa mvua inayozoa ufuta shambani, na wiki hii mvua imezoa hata njia ya kwenda shuleni. Ratiba imebadilika. Hapa Entebbe ngurumo kubwa hukusanyika juu ya ziwa usiku na kutupiga alfajiri hadi asubuhi; mchana mara nyingi kunatulia. Kwa hiyo hatuanzi saa tatu. Tunaanza saa tano, tunamaliza saa kumi. Wazazi wawili walilalamika kwamba siku itakuwa fupi, lakini heri siku fupi iliyo kavu.

Daktari wa wanyama wa kituo amekubali kamongo kwa masharti mengine, na haya yana maana: beseni likae chini ya turubai karibu na lango, mbali na wanyama wote, na maji yake yasimwagwe ndani ya bustani, maana maji na samaki wa kutoka nje huweza kuleta maradhi. Tutayabeba tena kwa madumu.

Tatizo lililobaki ni kakakuona. Watu wa ukoo wa Lugave ni familia nne katika orodha yetu. Kakakuona hula mchwa na sisimizi, hufugika kwa taabu kubwa, na hivi sasa ni miongoni mwa wanyama wanaosakwa zaidi na wawindaji haramu kwa ajili ya magamba yao. Kwa hao tutatumia picha, pamoja na babu mmoja aliyewahi kukutana naye usiku shambani kwake. Nimemwomba aje asimulie. Amekubali kwa sharti la kiti chenye mgongo.

Jumamosi, 8 Novemba

Kigungu, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mwalo. Mvuvi alikuwa na kamongo wawili. Nilimchagua mdogo, urefu kama mkono wangu kuanzia begani, nikamlipa kianzio ili aniletee wa ukubwa huo Jumamosi ijayo. Aliponiuliza nitampika vipi, nikamwambia namrudisha majini. Alinitazama kwa muda. Kisha akasema mama yake mwenyewe ni wa Mmamba, na akapunguza bei.

Kibao kipya kimefika. Upande wa mamba tumeandika: MAMBA. KIGANDA: GOONYA. Na chini, kwa herufi za ukubwa ule ule: MMAMBA WA KIGANDA NI KAMONGO. YUKO LANGONI.

Jumamosi, 15 Novemba

Imenyesha tangu saa tisa usiku. Saa moja asubuhi simu yangu ilikuwa moto: Mwalimu, tunakuja au hatuji? Nikajibu kila mmoja: tunakuja. Saa nne na nusu jua likatoka, na nyasi zikaanza kutoa mvuke.

Familia 31 zimefika. Nitaandika machache niliyoyaona kwa macho yangu.

Dereva wa teksi wa Ffumbe alikuja na watoto watatu wote wamevaa mashati yaliyopigwa pasi kama ya Idi. Mbele ya korongo taji, mama mmoja wa ukoo wa Ng'aali alitoa bendera ndogo mfukoni, akamwonyesha bintiye mguu ulioinuliwa wa ndege wa bendera, wakasubiri pale karibu robo saa ndege halisi naye ainue wake. Aliuinua. Tumbili wa bustanini walipora kabalagala mbili na chapati moja, ingawa tulionya langoni kwamba vyakula vibaki kwenye vikapu vilivyofungwa.

Kwa korongo nyangumi watoto walifundishwa na mhudumu kuinamisha kichwa. Msichana wa Kiacholi, ambaye mnyama wake wa hadithi ni Apwoyo, aliinama kama anavyomsalimu babu yake. Ndege akatulia, akamkazia jicho lile la manjano, kisha akainama naye, akatikisa kichwa na kugonganisha mdomo kwa mlio wa mbao zinazopigwa. Msichana akaitikia kwa Kiswahili, kwa adabu zote: "Marahaba." Sikumsahihisha nani anaamkia na nani anaitikia.

Na sasa langoni. Beseni lilikuwa jeusi, pana, la kufulia, limefunikwa wavu. Kamongo alilala chini kama mzizi, rangi ya tope yenye madoa, mapezi yake membamba kama nyuzi za kushonea zilizolegea. Watoto walidhani amekufa. Mwalimu wa sayansi akawaambia wahesabu. Walifika mia na kitu, ndipo akajiinua taratibu, kichwa kikakata uso wa maji, akafungua kinywa, akavuta hewa kwa sauti. Hewa hasa, kama sisi. Samaki huyu ana mapafu. Akiwa mkubwa, akizuiwa kuja juu hufa maji. Kiangazi kikikausha kinamasi hujichimbia topeni, akajifunika kwa ute unaokauka kama karatasi, na kungoja mvua. Mtoto mmoja akauliza: "Anangoja vuli?" Mwalimu akasema ndiyo, vuli au masika, itakayotangulia.

Yule mvulana alikuja na bibi yake saa sita na nusu. Hakukimbia safari hii. Akapiga magoti kando ya beseni, mikono nyuma kama alivyoagizwa, akangoja. Kamongo alipopanda kuvuta hewa, pua zao zilikuwa karibu sana, wavu katikati. Bibi akaanza kumweleza kwa Kiganda, sauti ya chini, habari za ukoo, za ziwa, za mitumbwi. Zilikuwa zao, nilisogea kando nikaenda kupanga madumu. Niliporudi mvulana alikuwa amesimama mbele ya watoto wenzake sita, wa kambini, wa Gulu, wa Kongo, anawaambia kwa Kiswahili: "Huyu ni kamongo. Kwetu anaitwa mmamba. Yule wa kule ni mamba lakini si mmamba." Alilirudia kila kundi jipya lilipofika. Alikataa kwenda kumwona simba.

Babu wa kakakuona alikaa katika kiti chake chenye mgongo na hakuachiwa kuondoka hadi saa tisa.

Jumapili, 16 Novemba

Jana jioni tulimrudisha Kigungu, mimi, bibi, mjukuu na mvuvi. Bibi alivua viatu akaingia majini hadi kwenye vifundo vya miguu. Mvuvi akainamisha beseni. Kamongo hakuondoka mara moja; alikaa kwenye maji ya kina kifupi kama anayesoma mahali, kisha akaingia kwenye matete.

Hesabu: tumebakiwa na shilingi 23,500. Vibao 38 vimerudi, viwili vimepotea, nadhani cha tumbili ni kimojawapo. Kituo kimeomba kibaki na kile cha mamba. Nimewaachia.

Deni langu moja. Binti wa darasa la nne, yule wa swali la majani, ni wa ukoo wa Nsenene. Jana hakuwa na mnyama wa kusimama mbele yake, maana senene bado hawajashuka mwaka huu. Alizunguka na rafiki zake siku nzima bila kunung'unika, na hilo ndilo linaloniuma.

Alhamisi, 20 Novemba, usiku

Wameshuka. Saa tatu usiku watu walikuwa wamejaa chini ya taa za barabarani na ndoo na mifuko, angani kama mvua ya kijani inayopanda badala ya kushuka. Nilimpigia simu baba wa yule binti. Akasema tayari yuko dirishani, njoo uone mwenyewe. Ni nyumba tatu kutoka kwangu, nikaenda na kanga yangu ya ndani.

Mmoja alikuwa ametua upande wa nje wa kioo, tumbo lake limetuelekea. Binti ameweka kidole upande wa ndani, mahali pale pale zilipo nyayo. Wale majirani nje walikuwa wanawakusanya wa kukaanga; kwao binti hawali. Akaniambia bila kugeuka, "Mwalimu, kwa Kiswahili?"

"Senene."

"Karibu sawa na kwetu," akasema, akaendelea kumtazama. Kesho naagiza kibao cha 41.